Tripleksi mu beseni ya sambaza

Leo nimeloweka tripleksi, ile mbao ya kubandikwa, mu maji katikati ya soko ya Kadutu, na siko na haya!

Nilikuwa natafuta mbao ya kufunika tiyo za maji mu dushi, kule kwa kuogea. Papa muuzaji wa tripleksi akaniambia: « Maman, hii haiogope maji. Kama unabisha, lete bwana yako. »

Bwana? Hii dushi ni miye najenga!

Nikaomba beseni kwa mama mwenye kuuza sambaza, samaki ndogo za ziwa, nikatia kipande ya ile mbao, nikaikaa chini kungojea.

Masaa mbili. Batu ya soko banacheka tu.

Kisha ikavimba sawa beignet mu mafuta, ikaachana vipande-vipande.

Papa mumoja mwenye alikuwa amebeba tripleksi yake ku bega, akaitua chini.

Muuzaji akatoa ingine kule nyuma: « Njo hii sasa yenye haiogope maji, maman. »

« Itie mu beseni. Ningali nimeikaa hapa, nangojea. »