Subiri na Mjomba Wake Mpiga Picha

Wenzake katika kazi ya filamu walimbandika jina la Subiri. Waigizaji wakishamaliza na kila mtu ameanza kukunja nyaya, yeye, mwongozaji, humwambia mpiga picha asizime kamera kwanza.

Tabia hiyo aliipata kwa makosa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akimsaidia mjomba wake kurekodi harusi, na siku moja wageni waliondoka akasahau kuzima kamera. Kesho yake studioni, wakizitazama picha, wakamwona baba wa bibi harusi, peke yake ukumbini, anapanga viti. Mara akaketi, akajifuta macho kwa tai. Subiri akajikunyata akingoja kugombezwa. Mjomba akarudisha picha nyuma, akatazama tena.

"Hii usiikate," akasema taratibu. "Iweke mwisho."

Mwaka uliofuata yule baba alifariki. Bibi harusi akaja mwenyewe kuwashukuru, akasema kipande kile hukitazama kuliko sherehe yenyewe.

Tangu hapo Subiri amegusa kila kitu: matangazo ya sabuni, vichekesho vya kuvunja mbavu, filamu ya mizimu iliyomfanya dada yake alale taa ikiwaka wiki nzima, na majuzi, filamu ya maisha halisi ya wanawake wanaofua mashuka ya hospitali. Waandishi wa habari wakimuuliza yeye hasa ni wa filamu za aina gani, hujibu kwamba bado hajachoka kujaribu. Ila anayezijua kazi zake hapotei: maneno yakiisha, uso wa mtu hubaki pale, mpaka useme wenyewe.

Filamu ya wafuaji ilipoonyeshwa mara ya kwanza, alimketisha mjomba mstari wa mbele, kwa kuwa macho ya mzee yameingia ukungu. Alipopewa kipaza sauti aliwashukuru wafuaji, kisha akamwomba mjomba asimame, akawaeleza watu nani alimfundisha kazi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mzee akageuka nyuma kutazama anayepigiwa ni nani.

Walipotoka nje mzee alitembea ameinamisha kichwa, mpaka Subiri akaingiwa na wasiwasi.

"Mjomba, nimekuudhi?"

"Uniudhi kwa lipi, mwanangu? Picha sikuiona vizuri. Lakini nilisikia watu wanacheka, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja. Nikajua umeiweza."

Subiri alimshika mkono, wakavuka barabara polepole.