Kilti ya Jirani Ndani ya Maji ya Chumvi

Wiki ile sikutulia hata kidogo. Kikundi chetu cha kayaki kilikubaliana Jumamosi tuingie bwawani sote tumevaa kilti, ile sketi ya Kiskoti ya mirabaraba yenye marinda nyuma, na mimi sikuwa nayo.

"Si ufunge leso tu, nani atajua?" akasema nesi mwenzangu ninayekaa naye huku ughaibuni, mtaa wa Acocks Green.

Nikamwambia watajua. Nilikuwa nimeshajiona katikati ya maji, marinda yanapepea, watu ukingoni wanaulizana yule ni nani.

Madukani nilizunguka nikarudi mikono mitupu. Moja fupi mno, nyingine ina pini kubwa mbele, nikalihurumia paja langu. Jirani yetu wa mlango wa pili, mzee Mskoti anayeishi peke yake, aliniona napita dirishani kwake mara ya tatu akauliza nimepoteza nini. Nilipomweleza, aliingia ndani akatoka na mfuko.

"Nilioa nayo hii," akasema. "Ichukue, binti. Kabatini inafanya nini?"

Sufu tupu, kijani na buluu, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Moyo ulinijaa hata sikuuliza kama inafaa majini.

Sasa, kwetu Mombasa nguo mpya haivaliwi hivi hivi. Leso, kikoi, mamangu huvitia kwanza kwenye maji ya chumvi, rangi ishike. Ndivyo nilivyolelewa, na niliona namfanyia mzee heshima. Nikajaza beseni la kuogea maji ya moto, nikamwaga pakiti nzima ya chumvi, nikaizamisha ile kilti na kuikanyagakanyaga kwa miguu. Kisha nikaenda kazini naimba.

Niliporudi, haikuinuka. Niliivuta kwa mikono miwili, imelewa maji. Mwenzangu akachungulia.

"Wee! Unamuogesha nani humo, ndama?" Kisha akaona. "Haki ya Mungu, marinda yako wapi?"

Yalikuwa yamefumuka. Kitambaa kimejikunja, kimepungua na kukakamaa kama zulia.

"Mzee alioa nayo," nikasema.

"Basi umeshampa talaka."

Alipoona ninalia akaacha mzaha, akanisaidia kuikamua.

Ilikaa juu ya hita siku mbili. Kila nikipita naigeuza, nakaa, nasimama, naigeuza tena. Nilikuwa natokea mlango wa nyuma nisipite dirishani kwake. Mwenzangu alinishauri ninunue nyingine inayofanana, mzee mwenyewe macho hayaoni vizuri. Nikatafuta kwenye simu, nikaipata, kidole changu kikafika hadi pale pa kulipia. Nikawaza anaivaa, anaipapasa, anadhani ndiyo ile ile. Nikazima simu.

Alhamisi nikabisha kwake. "Mzee, nimeiharibu."

Aliilaza mezani akaipitishia kidole gumba. Nikaketi, nikasimama.

"Hii ni chumvi?"

"Chumvi, mzee."

"Kama samaki."

Hakucheka. Akaondoka, nikadhani ndiyo nafukuzwa, akarudi na pasi, sindano na uzi mweupe. "Keti. Hakuna anayeshona huku anazunguka kama nzi."

Tukapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, rinda moja moja, mstari juu ya mstari, kisha kitambaa chenye unyevu na pasi juu yake. Mengine yalikubali. Matatu yalikataa kabisa.

"Sufu si ya maji," alisema bila kuniangalia. "Ukipinduka inakuvuta chini. Tafuta ya nailoni, nyepesi, marinda machache. Isiwe na pini, iwe ya utepe wa kubandika. Ikomee juu ya goti, na ndani uvae kaptura. Na rangi iwe ya kupiga kelele, wakuone ukizama."

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ulikuwa umeshaikumbatia."

Kesho yake nikaipata mtaa wa Hockley, kwenye karakana ya washona sare, ya nailoni, rangi ya chungwa, ya kubandika kiunoni. Nilikwenda moja kwa moja kumwonyesha. Alifungua mlango akiwa ameivaa ya kwake juu ya suruali, mkono mmoja umeishikilia isianguke.

"Ya kwako inafaa," akasema. "Hebu nivutie huu mkanda."

Nikavuta. Haukufika. Kwenye ngozi ya mkanda palikuwa na alama nyeusi, pale chuma cha kufungia kilipokaa miaka yote, na sasa alama ile ilikuwa vidole vinne mbali na chuma. Mzee ni mwembamba, shati linamwogelea mwilini. Tuliitazama alama ile sote wawili.

"Nimenenepa," akasema.

"Ni zile soseji, mzee."

"Soseji," akakubali, akabana tumbo. "Vuta tena."