Bodi Iliyojaribiwa kama Balbu

Wiki hii niliingia duka la vifaa vya umeme pale Kasingirima kununua balbu. Mbele yangu alikuwa dada anayeanika dagaa Ilagala, amekuja kuchukua bodi ndogo ya saketi aliyomwagiza mwenye duka. Alitaka kuiunganisha imtumie ujumbe kwenye simu kila mvua inapoanza kunyeshea dagaa wake.

Mzee mwenye duka akaitoa kwenye boksi, kisha akashika nyaya mbili za kujaribia balbu, zilizochomekwa kwenye umeme wa ukutani.

“Hapana, Mzee! Hiyo inatumia umeme wa chaja ya simu tu!” dada akamzuia.

“Mwanangu, dukani kwangu hakitoki kitu bila kujaribiwa.”

Akagusisha. Ikalia paa! Moshi ukatujaa puani.

Mzee akaigeuza, akaipuliza, akatikisa kichwa. “Umeona? Ilikuwa mbovu. Ungefika nayo Ilagala, ungenilaumu.”

Mzee angekuwa tapeli tungemwitia polisi. Sasa mtu mwaminifu kiasi hiki unamfanya nini?

Akachukua balbu niliyokuja kununua, akaijaribu kwa nyaya zilezile. Ikawaka.

“Kitu kizima,” akamwambia dada kwa upole, “ndivyo kinavyokuwa.”