Jina Lililokuwa Likirudi

Awinja hula chakula cha mchana mezani pake akiikodolea macho kompyuta, na jioni ukimuuliza alikula nini hawezi kukuambia. Najua kwa sababu nimemjaribu. Siku moja nilimwekea obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda uliolala siku mbili, ambao hata paka wangu aliunusa akaondoka zake. Akala wote, akasema asante. Hapo nikajua kwamba tuliyekuwa tukifanya kazi naye alikuwa kiti na koti tu, mwenyewe hayupo.

Tuko ofisi ya chama cha wakulima wa miwa hapa Kakamega mjini, orofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Mimi ni Emily wa kaunta. Mkulima akiingia, ananikuta mimi kwanza, na akiwa na hasira ananitukana mimi. Awinja anatengeneza kurasa za mtandao ambamo tunaingiza habari za wakulima: shamba liko wapi, miwa ilipandwa lini, mwenyewe ni nani. Kazi kama hiyo ikienda vizuri hakuna anayemkumbuka aliyeifanya. Ikiharibika, hata mlinzi wa mlangoni analijua jina lake.

Mumewe, Cleophas Makhanu, alifariki mwaka jana. Aliugua kidogo tu, akaenda. Tulimzika kwao Butali, nyuma ya nyumba, miwa yake ikiwa imefika kiunoni. Kwetu mke wa marehemu hulia, tena hulia hadharani mpaka ashikwe mikono na wanawake wawili wenye nguvu. Awinja alisimama kando ya jeneza akimtazama fundi wa vipaza sauti akikunja nyaya zake. Wanawake wakanong'onezana kwamba ana moyo wa jiwe. Mmoja akaniambia, "Kimya kingi kina mshindo mkubwa, ngoja utaona." Nilingoja. Sikuona mshindo wowote. Niliona mtu akirudi kazini Jumatatu, akafungua kompyuta, akauliza kama mtandao uko.

Siku ya kunyolewa nywele, siku chache baada ya mazishi, jamaa wote walipoketi kuzungumzia mambo ya marehemu, wakwe zake walisema bila ubishi kwamba shamba la miwa ni la Awinja, aende ofisini akaandikishe jina lake. Nilikuwepo, nilisikia. Nilimwambia njiani, "Mshukuru Mungu. Wakwe wa namna hiyo hawapatikani sokoni." Akasema ndiyo. Hakuandikisha. Kila nilipomkumbusha alisema kesho, kwa sauti ile ile, kama mtu anayekujibu kutoka chumba kingine.

Ni wakati huo huo meneja wetu, Osundwa, alipompa kazi ya kutengeneza ukurasa wa kubadilisha mwenye shamba. Zamani jambo hilo lilifanyika kwa makaratasi, na makaratasi yetu yana tabia ya kutembea. Awinja akautengeneza, nao ulipendeza. Unafungua habari za shamba, unaona kisanduku chenye jina la mwenyewe wa zamani. Unalifuta, unaandika jipya, unabonyeza kitufe cha "Hifadhi". Ukurasa wote unasafiri mpaka kwenye seva, ile mashine kubwa inayotunza kila kitu mahali ambapo sisi hatujawahi kufika, halafu unarudi na maneno ya kijani juu: "Imehifadhiwa." Osundwa alifurahi akatununulia soda. Awinja aliishika yake mpaka ikapata joto, kisha akampa mlinzi.

Basi akaja Nekoye.

Nekoye ni mama wa Mayoni, mkulima wetu wa miaka mingi, mwembamba, anayeongea polepole na haondoki. Mumewe Wangila alikuwa amefariki, na shemeji yake, Simiyu, alikuwa ameanza kupita kijijini akisema kwamba mradi kitabu cha chama kinamtaja Wangila, miwa ni ya ukoo, na yeye Simiyu ndiye ukoo. Kufa kufaana, si ndiyo? Wakati wa kukata miwa ulikuwa umefika. Wakataji huenda kwa yule ambaye jina lake liko kwenye orodha ya ofisi, na akishaivuna huyo ndiye mwenye shamba machoni pa kila mtu. Simiyu alikwisha kumwambia Nekoye afungashe vyombo arudi kwao.

Alileta barua ya chifu na kila kitu kilichotakiwa. Nikaandika jina lake, nikabonyeza, kijani kikaja. "Imehifadhiwa, mama. Nenda salama." Akaenda. Baada ya siku chache akarudi. Orodha iliyobandikwa ukutani ilikuwa ingali inasema Wangila. Nikaandika tena, kijani kikaja tena, nikamwambia atulie, labda orodha imechelewa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kile kijani, na foleni ilikuwa mpaka kwenye ngazi.

Mara ya tatu alikataa kukaa upande wake wa kaunta. Alizunguka, akasimama nyuma yangu.

"Mulembe," akanisalimu. "Nataka kuona na macho yangu."

Nikaandika Nekoye. Nikabonyeza. Ukurasa ukaenda, ukarudi.

"Ona," akasema. "Jina inarudinga. Unatoa, inarudi."

Kweli. Maneno ya kijani juu, na chini yake, kwenye kisanduku, Wangila ameketi kana kwamba hajaguswa. Nikamwita Awinja. Akaja, akatazama, akarudi mezani pake, akabonyeza mara moja kwenye kompyuta yake.

"Kwangu inafanya kazi," akasema.

Nikaenda kuona, na kweli kwake ilifanya kazi. Alibonyeza, kijani kikaja, hakuna malalamiko. Osundwa akasema ni mtandao. Nikasema labda ni kompyuta yangu. Kila mmoja wetu alikuwa na maelezo, na Nekoye akarudi Mayoni na maelezo yetu. Nilimkasirikia Awinja siku hiyo, nasema wazi. Nilimwambia, "Huyu mama anafukuzwa kwake, na wewe unamwambia kwako inafanya kazi?" Akanitazama vizuri, bila chuki, bila chochote. "Nitaangalia," akasema. Hakuangalia. Au aliangalia na hakuona, sijui. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ijumaa orodha ya wavunaji ilikuwa ifungwe saa sita mchana. Nekoye alifika tukiwa bado tunafuta vumbi. Hakunisalimu mimi. Alivuta kiti, akakaa kando ya meza ya Awinja, akaweka mkoba wake miguuni.

"Leo siendi," akasema. "Simiyu ameshaongea na wakataji. Sasa nionyeshe vile wewe unafanyanga mpaka kwako inakubali."

Awinja hakubishana. Alifungua ukurasa. Akatafuta shamba la kujaribia, lile analotumia kila siku anapopima kazi yake. Kisanduku kikaonyesha: Cleophas Makhanu. Akapeleka mshale kwenye "Hifadhi", akabonyeza. Ukurasa ukaenda, ukarudi. Imehifadhiwa. Cleophas Makhanu.

"Unaona?" akasema. "Inafanya kazi."

Nekoye alisogeza uso karibu na skrini. Husoma taratibu, akitembeza midomo.

"Lakini haujabadilisha kitu," akasema. "Umetuma huyo huyo, amerudi huyo huyo."

Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa cha vumbi mkononi. Tangu alipoutengeneza ukurasa ule, Awinja alikuwa ameupima kwa shamba la mumewe, na hata mara moja hakuwahi kuandika jina jingine juu ya lake. Angewezaje? Alibonyeza tu, akamwona amerudi, akasema kazi imekwisha. Osundwa angemfokea. Mimi nikakiweka kitambaa mezani.

"Huyu Cleophas ni nani?" Nekoye akauliza.

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Butali."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema mumewe ameenda kuangalia shamba. Nekoye akaelewa mara moja.

"Wangu ako Mayoni," akasema. "Nyuma ya nyumba, karibu na ndizi." "Sasa mwanangu, mtoe. Andika jina yako tuone."

Awinja aliweka vidole kwenye vibonye. Alifuta herufi moja moja kutoka mwisho, polepole, nikadhani ataacha katikati. Kisanduku kikabaki kitupu. Akaandika Awinja Makhanu. Akabonyeza.

Ukurasa ukaenda. Ukarudi. Imehifadhiwa, kwa kijani. Na chini yake: Cleophas Makhanu.

Awinja alitabasamu.

Sijawahi kuogopa tabasamu kama lile. Tangu mazishi sikuwa nimeyaona meno yake, na sasa uso wake wote ulikuwa umefunguka, kama wa mtu aliyesikia mlango na hatua anazozijua. Alimfuta kwa mkono wake mwenyewe, na mwanamume amerudi. Hata Nekoye aligeuza macho akatazama dirishani. Tabasamu lilikaa kidogo, kisha likaondoka, na aliyebaki pale alikuwa fundi.

"Nimeona kosa," akasema.

Alinieleza baadaye, nami nitaeleza nilivyoelewa. Ukibonyeza kitufe, ukurasa ukifika kule kwenye seva hausikilizi kitufe kwanza. Kwanza unajipanga upya kama unaofunguliwa kwa mara ya kwanza, ndipo unauliza ni nini kilichobonyezwa. Ni kama sisi tu, mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala. Ila ukurasa wa Awinja ulikuwa ukipanga meza vibaya. Mgeni amekuja na ingokho, kuku wake, mwenyeji anamwondoa, anaweka mezani viporo vya jana, halafu ndipo anauliza, "Nikuhifadhie nini?" Vinahifadhiwa viporo. Jina jipya lilifika kwenye seva kila mara, na kila mara jina la zamani lilitolewa kwenye ghala la seva likawekwa juu yake kabla kitufe hakijasikilizwa. Dawa yake ni kuuambia ukurasa: lete jina la ghalani mara ya kwanza tu; mtu akibonyeza, usiguse alichoandika. Ni sharti dogo ambalo kila mwanafunzi wa kazi ile hufundishwa, na Awinja alikwisha kuliandika kwenye kurasa nyingine zote. Kwenye huu tu ndipo hakuliweka.

Alifungua mistari ya programu. Aliupata mstari wenyewe upesi. Kisha mikono yake ikasimama. Saa ya ukutani ilikuwa ikienda kuelekea saa sita, na Nekoye alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Emily," Awinja akaniita, bila kugeuka.

"Niko."

"Nikiandika hapa, harudi tena."

Ningeweza kumwambia ni ukurasa tu. Ningeweza kumwambia ajaribu na shamba lingine. Ni Nekoye aliyemjibu.

"Harudi, mwanangu. Hata sasa hakuwa anarudi."

Awinja akaandika. Akamfuta Cleophas mara ya pili, akaandika jina lake, akabonyeza. Mtandao ulikuwa mzito asubuhi ile, kile kiduara kikazunguka na kuzunguka, na sisi watatu tukakitazama. Ukurasa ukarudi. Imehifadhiwa. Awinja Makhanu.

"Inafanya kazi," akasema, kwa ile sauti yake ya chumba kingine.

Aliipeleka kazi kwenye seva, akafungua shamba la Mayoni, akaandika Nekoye mwenyewe. Jina likaenda, likarudi lilivyoandikwa. Nikachapisha orodha, nikaibandua ile ya zamani ukutani, nikabandika mpya mbele ya macho ya Nekoye. Alipitisha kidole juu ya jina lake. Hakusherehekea. Alimrudia Awinja, akamshika kichwa kwa kiganja, pale ambapo nywele zilikuwa zimeanza kurefuka tangu zinyolewe, kisha akashuka ngazi kwenda kuwasubiri wakataji kwake.

Mimi nikashika simu kuwatafuta wengine waliopitia ukurasa ule, na walikuwepo, na walinitukana. Osundwa alipouliza, Awinja alimwambia kosa ni lake, akamweleza lilivyokuwa. Osundwa alinitazama mimi, akarudi mezani pake bila kumfokea. Hilo nampongeza.

Saa ya chakula ikafika. Nikampelekea Awinja sahani yake kama kawaida. Ulikuwa mrenda wa juzi, maana nilikwisha kuzoea kwamba kwake yote ni mamoja. Alimega obusuma, akachovya, akatafuna akiikodolea macho kompyuta. Kisha akaacha kutafuna. Akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Emily," akasema, "hii mboga imelala."

Akaisukuma sahani kando, akalaza kichwa juu ya meza, akalia mpaka watu wa duka la dawa za mifugo wakapanda ngazi kuuliza nani amefariki.