Mashini ilisema mapasa wangu ni muntu moja

Leo banasema kama mutoto wangu Kabange haiko.
Kabange yeye anasimama pembeni yangu, anatafuna mukate.

Tulienda ku parokia kutafuta karatasi za ubatizo. Bila karatasi, hakuna komunyo.
Karani anatafuta mu ordinateri, ile mashini ya kompyuta. Kyungu, ndugu ya Kabange, iko. Kabange, hapana.
"Mama, uko na mutoto moja tu."
Nikamujibu:
"Baba, ni mapasa! Nilibazala siku moja!"

Kumbe njo ile. Mashini ikipanga majina, iliona mama moja, siku moja, ikafikiri banaandika muntu moja mara mbili. Ikaacha moja.
Karani akafungua fishie ya zamani, ile orodha ya majina yote, akasoma mustari kwa mustari. Akamupata.

Kabange akaniuliza, "Mama, sasa niko?"

Bamama ba mapasa, benu bako bote babili mu mashini?