Alilipwa Atoke Mbioni

Hadi leo nikinusa dawa ya kuchua misuli, ile kali inayowasha macho, naiona miguu ya dada yangu Chemtai juu ya kiti cha jikoni kwetu Endebess, nami nimepewa kazi ya kuisugua. Nilijiona daktari mkubwa. Dada alikimbia marathoni, na kwetu mwanariadha akirudi kutoka ng'ambo na ushindi, baba yake humngoja langoni na kibuyu cha mursik, maziwa mala yaliyotiwa mkaa wa mti. Anakunywa mbele ya watu, akina mama wanapiga vigelegele.

Baba alikitayarisha chake siku tulipomwona Chemtai kwa mara ya kwanza kwenye runinga, katika hoteli moja mjini Kitale. Alikuwa mbele ya wote. Baba akasimama, akawaambia hata wasiomjua, "Huyo ni wangu!" Mara dada akapunguza mwendo, akatoka kando ya barabara, akashika magoti. Kisha mtu akacheka: "Ati huyo ndiye wako, mzee?"

Chemtai aliporudi, langoni hapakuwa na mtu.

"Baba, hiyo ndiyo kazi yangu," alieleza. "Nalipwa niongoze wengine kwa kasi mpaka kilomita ya thelathini, halafu nitoke. Si karo ya huyu mtoto imetoka hapo? Si haya mabati?"

"Nani atalipa mtu aache mbio? Mbio inamalizwa, bana."

Baba alipenda kusema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alilala chini ya mabati yale na bado akamwonea aibu aliyeyanunua. Dada alichomwa moyoni.

Mwaka uliofuata alilipwa tena kuongoza. Safari hii alifika pale pa kutoka, waongozaji wenzake wakatoka, yeye akaendelea. Mbele ya runinga, Baba alipiga meza kwa furaha hadi chai ikamwagika. Dada akaanza kuchechemea, wakampita mmoja mmoja, lakini akamaliza.

Alirudi na magongo, mshipa wa kisigino umekatika. Baba alikuwa langoni na kibuyu, majirani wote wameitwa. Dada alikunywa huku analia, nami nikalia pamoja naye. Nilidhani ni machozi ya furaha.

Hakukimbia tena. Wakala wake hakupiga simu. Nani amlipe mwongozaji asiyeweza kuongoza? Nilipokuwa mtu mzima, nimesomeshwa na miguu ile, ndipo nilipoelewa alichokunywa siku hiyo, kwamba aliitoa kazi yake ili Baba asimwonee aibu, na nikaapa kwamba nitamweleza Baba. Chemtai akanishika mkono.

"Usithubutu. Wacha mzee ajue alizaa mshindi."

Tulimzika Baba akiwa na imani hiyo. Watu walishuka shambani nyuma ya jeneza, na dada yangu, akichechemea, alikuwa wa mwisho kufika kaburini.