Ndege Ina Simu, na Ganda Je?

Juzi posta ya Malindi nilimkuta mama mmoja wa kijiji cha Ganda akingoja kuunganishiwa simu ya Mombasa, kwa bintiye aliyelazwa kujifungua. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Mhudumu wa hoteli aliyekaa naye akamwambia kwamba Marekani abiria hupiga simu wakiwa ndani ya ndege.

"Na waya wapita wapi?"

"Hakuna waya, mama. Ndege husemezana na minara iliyo chini. Wenye magari nao wana simu na minara yao, ila hiyo haifiki mbali."

Mama akainua kidole. "Ndege yakimbia, nao waipata kwa simu. Ganda haijasogea tangu nizaliwe!"

Karani wa posta akacheka, akajaribu tena kuunganisha. Mombasa ikaitika: mtoto wa kike, wote wazima.

Wenye minara, njooni. Sisi hatukimbii.